Maprofesa wanatuchunguza sisi, majibu wanapeleka kwingine. Kwa nini?

#1 Meku wa Kirua
Wakuu, salaam.

Mwaka 2013 jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Maabara ilipomaliza kazi yake, wenye malaria kweli walikuwa 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na magonjwa ambayo kijijini kwetu hakuna anayeyataja: leptospirosis, homa ya Q, brusela, homa za kupe. Mengi yanatoka kwa mifugo na panya.

Kwetu Kirua ng'ombe analala ukuta mmoja na jiko. Mbuzi akizaa, tunamsaidia kwa mikono mitupu. Na mpaka leo mtu akichemka mwili tunasema "ana malaria", tunakwenda duka la dawa. Mwaka 2022 homa ya mgunda ilipozuka Ruangwa, Lindi, nchi nzima iliuliza huu ni ugonjwa gani mpya. Ni leptospirosis hiyo hiyo. Ilikuwa imeshaandikwa kutokana na damu ya watu wa Kilimanjaro miaka tisa kabla.

Swali langu ni moja: kwa nini profesa akishapata jibu, sisi tuliotoa damu ndio wa mwisho kulisikia, au hatulisikii kabisa? Arusha na Moshi tumezungukwa na vyuo na taasisi za utafiti kila kona. Naombeni michango ya maana.

#2 Kipepeo wa Njiro
Uzi mzuri. Ngoja waje wenye taaluma zao.

#3 Mama Tengeru
Meku umegusa kidonda. Kwetu walikuja watu wa utafiti wa maji, siwataji. Vijana wastaarabu, wamevaa fulana zinazofanana. Waliweka chupa ndogo nyeupe kwenye mdomo wa bomba, wakaifunga, wakabandika karatasi ya gundi na kuandika namba kwa kalamu ya wino mzito. Kwetu ilikuwa namba, kwa jirani namba nyingine. Nikauliza, "Majibu lini?" Akasema watarudi na mrejesho kupitia ofisi ya kijiji. Nimemuuliza mtendaji mpaka amechoka na mimi. Wanangu wawili meno ya kahawia, na wanafunzi wenzao wanawacheka kuwa hawapigi mswaki.

#4 Sista wa Wodi
Meku, takwimu zako ni sahihi ila naomba nizikalishe vizuri watu wasije wakaacha kupima malaria. Wale 870 ni waliolazwa, tena walikusanywa 2007 hadi 2008, wakati kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, hakijasambaa kwenye vituo. Siku hizi mtu hapewi dawa mseto kwa kukisia kama zamani. Halafu hiyo ni Moshi, baridi na mlima, malaria si nyingi. Ukilipeleka jibu hilo Kilombero utaua watu.

Na si kweli kwamba halikusemwa. Sisi wa hospitali tulilisikia, kwenye vikao vya asubuhi lilijadiliwa sana. Lilichokosa ni kutoka nje ya geti la hospitali.

#5 Chalii wa Ngarenaro
Kifupi tu: hela. Profesa akilipwa na mfadhili, mfadhili ndiye bosi wake. Wewe wa Kirua unamlipa nini?

#6 Meku wa Kirua
Sista asante, nimekuelewa. Lakini hilo la geti ndilo swali lenyewe. Nani kazi yake kulifungua?

Chalii, kodi yangu inalipa mshahara wa chuo.

#7 Mhadhiri Kaskazini
Nafundisha chuo kimojawapo hapa Kaskazini, sitasema kipi. Naomba niseme upande wetu bila kujitetea.

Mhadhiri anapandishwa cheo kwa machapisho. Andiko kwenye jarida lenye wahakiki lina pointi. Sura ya kitabu ina pointi. Kwenda redioni saa nzima na kueleza wakulima wakaelewa, sifuri. Makala ya gazeti, sifuri. Kijana mwenye shahada ya uzamivu, ana familia, anatafuta kuwa mhadhiri mwandamizi, unamwambia aende Kirua Jumamosi kufanya kitu ambacho kamati ya vyeo haitakihesabu. Wachache wanakwenda. Wanaokwenda wanakwenda kwa moyo wao na mafuta yao.

La pili watu hawalijui. Majarida mengi hayapendi matokeo yatangazwe kabla hayajachapishwa. New England Journal of Medicine waliweka kanuni hiyo mwaka 1969 na wengine wengi wakaifuata. Kwa hiyo unakaa kimya ukisubiri wahakiki, mwaka unaisha, mwingine unaingia. Andiko linapotoka, fedha za mradi zimekwisha, gari la mradi limerudishwa, wasaidizi wamepata kazi kwingine. Bajeti ya kurudi kijijini ilikuwepo kwenye andiko la kuomba fedha, mstari mmoja mwishoni, na ndio wa kwanza kukatwa.

#8 Chalii wa Ngarenaro
Kwa hiyo nilichosema. Hela.

#9 Mhadhiri Kaskazini
Hapana ndugu yangu. Nimesema vyeo na muda. Fedha ingekuwepo na pointi zisiwepo, bado wengi wasingekwenda.

#10 Bibi wa Machame
Mimi naona lugha. Huyo profesa anazungumza Kichaga kwao na Kiswahili sokoni, lakini utafiti wake ameufanya kwa Kiingereza kuanzia dodoso mpaka hitimisho. Ukimwambia aueleze kwa Kiswahili anakwama, anaanza kutafuta maneno, anaona aibu mbele za watu. Nimemwona kwa macho yangu Nane Nane pale Themi, Njiro. Banda zuri, mabango marefu ya Kiingereza yenye jedwali na michoro ya nguzo. Mzee mmoja wa Siha amesimama mbele ya bango, mikono nyuma, anasoma picha tu. Pembeni kulikuwa na mche wa kahawa kwenye kifuko cheusi. Mzee akauinamia, akageuza jani, akatazama chini yake kama kuna unga wa kutu. Akaanza kuuliza maswali hapo hapo, na yule mtaalamu akachangamka kumjibu. Bango halikumsaidia mtu.

#11 Mkulima Lyamungo
Bibi umesema kweli. Kahawa ndiyo mfano wa utafiti uliofika. Kituo cha Lyamungo kipo tangu 1934, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, imeanzishwa 2001. Wazee walikuwa na kahawa za aina ya N39 na KP423, magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yakawafilisi kwa dawa. Zikaja aina mpya zinazostahimili yote mawili. Mimi sijasoma andiko hata moja la TaCRI. Nimeona shamba la jirani halipulizwi dawa na matawi yameinama kwa buni. Basi. Utafiti ukionekana shambani hauhitaji profesa kuzungumza.

#12 Sista wa Wodi
Mkulima, hiyo ni kwa mche. Leptospirosis utaiona wapi kwa jirani? Mambo ya mwili hayaonekani mpaka mtu aeleze.

#13 Mkulima Lyamungo
Hapo umenishinda, Sista. Ila uliza pia maafisa ugani wako wangapi. Mmoja kwa vijiji kadhaa, pikipiki haina mafuta. Zamani huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa mtafiti. Mnamlaumu profesa wakati daraja ndilo limekatika.

#14 Mwalimu wa Maji ya Chai
Nafundisha shule ya msingi Maji ya Chai. Mama Tengeru, pole kwa hao watoto, na naomba niandike hapa ninachowaeleza wazazi kila muhula, maana utafiti wa floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya huku, upo miaka mingi. Ngurdoto hapo kuna kituo cha serikali cha kuondoa floridi kwenye maji.

Meno ya kahawia hayatokani na uchafu. Floridi inaharibu jino wakati linajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo hatari kubwa ni mtoto chini ya miaka 8. Mtu mzima akihamia Arusha leo meno yake hayabadiliki rangi, lakini akinywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi mifupa inaumia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa 4, na kwa maji ya vijijini kuna wakati kiliwekwa 8, kwa sababu tungefuata kile cha dunia vijiji vingi vingekosa maji kabisa.

KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORIDI. Maji yanapungua, floridi inabaki, kwa hiyo inazidi ukali. Kila mzazi ninayemwambia hili anashtuka, maana maisha yake yote ameambiwa chemsha maji. Chemsheni kwa ajili ya vijidudu, ndiyo, ila msifikiri mmemaliza. Na magadi ya kupikia maharage na loshoro yana floridi pia. Kwa mtoto mdogo pikeni bila magadi.

#15 Mama Tengeru
Mwalimu, Mungu akubariki. Hilo la magadi nalisikia leo. Nimezaliwa Meru, nimelea Meru, nalisikia leo, tena kwenye simu.

#16 Kijana wa Sakina
Tuwe wakweli, wapo waliojitahidi. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru alitengeneza chujio la maji la mchanga na chembe ndogo mno za nano, akashinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000. Hakuishia kwenye jarida, alianzisha kampuni, chujio likaenda kwa watu. Huyo ameshirikisha umma kuliko mwenye semina mia.

#17 Bibi wa Machame
Kuuza na kueleza si kitu kimoja mjukuu wangu. Chujio zuri sana, nampongeza. Lakini asiye na fedha ya chujio bado anahitaji kuambiwa lile la magadi, na lile ni bure.

#18 Mlima Kwanza
Mimi ni mwongoza wageni, miaka mingi naingilia Machame na kushukia Mweka. Nataka niseme upande mwingine: profesa akizungumza na umma, yanakuwaje?

Mwaka 2002 profesa Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa asilimia 80 hivi tangu 1912, na ikiendelea hivyo itakwisha kati ya 2015 na 2020. Dunia nzima ikatangaza. Wageni wakaja mbio waione kabla haijaisha. 2020 imepita, tunapita pembeni ya barafu kila wiki. Sasa mgeni ananiuliza, "Walisema imekwisha, mbona ipo?" Na wapagazi wangu wanasema wazungu waongo, hata habari ya tabianchi ni uongo. Mtu mmoja amezungumza na umma, na umma umeondoka na jambo lisilo sahihi. Pengine wengine wanaogopa hilo.

#19 Mhadhiri Kaskazini
Mlima, umeleta mfano mzito. Ila soma tena: walisema *kama hali itaendelea vile vile*. Hilo "kama" lilidondoka kati ya jarida na gazeti. Na kupungua ni kweli kabisa, hilo hakuna anayelipinga. Ubishi ni wa sababu. Kuna kundi la mtafiti Kaser, 2004, linalosema hewa ya mlimani ilikauka tangu mwisho wa karne ya 19, mvua na theluji vikapungua, barafu ikakosa chakula. Wengine wanatilia mkazo joto la dunia. Wengine msitu uliokatwa na kuungua.

#20 Mlima Kwanza
Mwalimu wangu, mgeni yuko mita 5,895, anapumua kwa shida, hana nafasi ya "kama". Mimi namwambia angalia ukuta huu, nilipoanza kazi ulikuwa unafika pale kwenye jiwe lile. Anaelewa.

#21 Kipepeo wa Njiro
Hahaha, Mlima apewe uprofesa.

#22 Wakili wa Kaloleni
Mmesahau sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalifanya kuwa kosa kusambaza takwimu zenye lengo la kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Yalirekebishwa tena 2019, kweli, lakini woga haukuondoka na marekebisho. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kuufanya na kibali tena kuuchapisha. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Wa wanyamapori anapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, hapo Njiro. Profesa akiulizwa na mwandishi wa habari "maji ya kata fulani yana sumu?", anafikiria kwanza nani atampigia simu kesho. Mimi simlaumu akisema "soma andiko langu".

#23 Chalii wa Ngarenaro
Wakili hapo nakubali. Ila barafu, kahawa, na nyayo za kale za Laetoli zina siasa gani? Hizo nazo hazisemwi.

#24 Kijana wa Sakina
Chalii umedandia gari kwa mbele. Laetoli zilisemwa. Nyayo mpya alizoandika Profesa Fidelis Masao na wenzake mwaka 2016 zilitoka kwenye jarida la eLife, linasomwa bure na yeyote mwenye bando. Hata ule utafiti wa homa wa Meku ni wa bure. Tatizo ni sisi hatufungui. Mechi ya Simba na Yanga tunajua mpaka nani alimpa pasi nani.

#25 Meku wa Kirua
Kijana, bure kwa nani? Nimeufungua huo wa homa. Nimesoma mpaka kidato cha sita na nilikaa nao jioni nzima na kamusi. Mama yangu afanyeje?

#26 Mzee wa Mweka
Shikamooni mnaostahili. Nimesoma kimya, sasa niseme. Hakuna aliyemtaja Erasto Mpemba, na kisa chake kinagusa huku kwetu.

Mpemba akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali Dkt. Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Swali: ukiweka maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100 kwenye friza, kwa nini ya moto yanaganda kwanza? Aligundua jambo hilo hapo Mkwawa akitengeneza aiskrimu. Wenzake walimcheka. Mwalimu wake alishamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza lipimwe maabara. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa anasoma chuo cha wanyamapori hapa Mweka. Leo dunia nzima inaita jambo hilo kwa jina lake.

Angalieni njia iliyopita hapo. Msomi alikwenda kwa watoto, akakaa kuulizwa, akarudi na swali lao. Nyote humu mnadai profesa aje *kutuambia*. Mimi nadai aje *kuulizwa*. Akiulizwa atajua kipi hatukijui, maana kule chuoni hakuna wa kumwambia kuwa Meru hawajui habari ya magadi.

#27 Mwalimu wa Maji ya Chai
Mzee, kisa ni kizuri sana ila sahihisho dogo: aiskrimu ilikuwa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, akiwa bado mdogo. Mkwawa ndiko alikouliza. Na jambo lenyewe bado lina ubishi: mwaka 2016 Burridge na Linden walirudia majaribio wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha.

#28 Mzee wa Mweka
Sawa mwalimu, Magamba iwe Magamba. Na wakibisha vizuri tu, wanabisha juu ya swali la mtoto wa sekondari wa Tanganyika.

#29 Sista wa Wodi
Hoja ya Mzee imenikaa. Kwenye ile wodi, mgonjwa hakuulizwa hata siku moja "wewe ungependa kujua nini kutoka kwenye damu hii?" Alisomewa fomu ya ridhaa, akatia sahihi au dole gumba.

#30 Mhadhiri Kaskazini
Naafiki nusu. Nimewahi kwenda kuulizwa, mkutano wa kijiji, milimani. Swali la kwanza lilikuwa "posho ya kikao iko wapi?" La pili, "mtatuchimbia kisima?" Sikuwa na kisima, nilikuwa na jedwali. Watu waliondoka mmoja mmoja. Sikulaumu mtu, mradi kabla yangu ulilipa posho na wakazoea. Lakini msiseme umma unangoja kwa hamu na profesa ndiye amejificha.

#31 Mama Tengeru
Mhadhiri, kuomba kisima ni swali la utafiti hilo! Umekwenda kwa watu wenye maji mabaya ukiwa na jedwali la ubaya wa maji. Wao walitaka waambiwe wafanye nini. Mwalimu hapo juu ametupa mistari minne, na leo jioni magadi yangu nayatoa jikoni. Hakunilipa posho na sikumwomba.

#32 Wakili wa Kaloleni
Mama ameshinda kesi hiyo.

#33 Mhadhiri Kaskazini
Mama, nakusikia. Bado nasema Mwalimu ameweza kwa sababu yupo hapo kila siku na wazazi wanamwamini. Mimi ni mgeni wa siku moja. Pengine kazi yetu ni kumpa Mwalimu na Sista majibu mapema, kwa Kiswahili, badala ya kukimbilia redioni.

#34 Mkulima Lyamungo
Mnarudi kwa afisa ugani wangu. Niliwaambia toka #13.

#35 Chalii wa Ngarenaro
Na nani atamlipa huyo Mwalimu kwa kazi ya profesa? Mnaona tumerudi kwenye hela.

#36 Meku wa Kirua
Chalii hutulii! Mhadhiri, ombi moja kabla uzi haujahamia Simba na Yanga. Ule utafiti wa homa, wewe na Sista mnaweza kutuandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili? Dalili zipi, tahadhari gani mbuzi anapozaa, maziwa yachemshwe vipi, lini mtu adai vipimo zaidi mRDT ikitoka hasi. Mimi nitauchapa na kuupeleka kwenye ushirika na kanisani kwetu.

#37 Sista wa Wodi
Niko tayari. Nipe mpaka mwisho wa wiki, nina zamu za usiku. Ila upitiwe na daktari kwanza, sitaki jina la mtu yeyote humu lilaumiwe.

#38 Mhadhiri Kaskazini
Nitausoma na kuuhakiki. Wakili, huu nao unahitaji kibali?

#39 Wakili wa Kaloleni
Kueleza kwa Kiswahili kilichokwisha kuchapishwa na kusomwa bure? Sioni kosa. Tajeni tu jarida na mwaka, na msiongeze namba zenu.

#40 Bibi wa Machame
Herufi ziwe kubwa. Miwani yangu imevunjika.